Namna ya Kumtathmini Beki Mkongwe Aliyepitia Majeraha Kabla ya Kumsajili

Kila msimu wa Ligi Kuu unapomalizika, jina la beki fulani mwenye umri wa miaka 32 au 34 hutua mezani kwa kamati ya usajili ya klabu moja au nyingine ya Dar es Salaam. Ni jina linalofahamika kuanzia Tandale hadi Mbagala, kwa sababu mwenyewe amewahi kuvaa jezi ya Taifa Stars au kucheza mechi kubwa za Afrika. Ameshafanyiwa upasuaji wa goti, au amekaa nje nusu msimu kwa maumivu ya nyama za paja. Mkataba wake umekwisha, na wakala wake anaapa kwamba amepona kabisa. Kikao hugawanyika hapo hapo: wako wanaokumbuka alivyowazima washambuliaji miaka minne iliyopita, na wako wanaosema ameisha, wakamtaja winga mmoja aliyempita mwezi Machi mbele ya kamera.

Wote hao wanazungumzia mechi zilizokwisha kuchezwa, ilhali klabu inanunua mechi za msimu ujao. Anayetaka kumtathmini mchezaji wa aina hii ajiulize mambo mawili kwa mpangilio huu: atapatikana kwa mechi ngapi, na katika mechi hizo atapewa kazi ambayo mwili wake bado unaimudu? Maswali mengine yote, likiwemo la bei, yanasubiri majibu ya hayo mawili.

Nayaandika haya nikiwa nimewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu walioweka sahihi kwenye ripoti iliyoishauri klabu moja ya hapa mjini imsajili beki wa kati kwa miaka miwili. Tulimtazama kwa video iliyokatwa na wakala na kwa mechi moja ya watani wa jadi aliyocheza vizuri mno. Alipofika, goti lake la kulia lilikuwa likivimba baada ya kila safari ndefu ya barabarani, na msimu wa kwanza alianza mechi tisa. Hakutudanganya hata mara moja, kwa maana hakuna aliyemuuliza goti lake huwaje siku ya pili baada ya mechi.

Hesabu siku kabla ya kumtazama akicheza

Ligi yetu ina timu 16, hivyo kila timu hucheza mechi 30, sawa na dakika 2,700. Chukua misimu mitatu ya mwisho ya mchezaji, uandike mechi alizoanza, alizotolewa kabla ya dakika ya 90, alizokaa benchi na ambazo hakuwemo kabisa kikosini. Orodha za vikosi hutangazwa kabla ya kila mechi, kwa hiyo kazi hii inataka subira ya jioni mbili tu. Kwa kila mechi aliyoikosa tafuta sababu, na usiridhike na neno "majeruhi" peke yake. Beki aliyekosa mechi kumi mfululizo kwa sababu alivunjika mfupa alipogongwa ni mtu tofauti kabisa na yule aliyekosa mechi kumi hizo hizo kwa vipande vya mbili mbili, leo paja, kesho nyonga, keshokutwa paja tena.

Wa kwanza alipatwa na ajali, na mfupa uliounga vizuri kwa kawaida haumsumbui tena. Wa pili ana mwili unaogoma, na madaktari wa michezo wanakubaliana kwamba miongoni mwa dalili kubwa za kuchanika tena kwa nyama za paja ni kuwahi kuchanika hapo awali. Ukiona mapengo mafupi yanayojirudia, hasa yanayokuja siku chache baada ya wiki yenye mechi mbili, hesabu kwamba msimu ujao yatajirudia zaidi, kwa kuwa mtu hapungui umri.

Angalia pia umbali kati ya mechi na mechi. Wapo mabeki wakongwe ambao hucheza vizuri sana kila Jumamosi lakini hawawezi kuanza Jumatano. Ledley King wa Tottenham alikuwa na goti bovu kiasi kwamba hakuweza kufanya mazoezi ya kawaida na wenzake. Alikuwa akitunzwa kuanzia mechi moja hadi nyingine, na kwa utaratibu huo timu yake ilimaliza nafasi ya nne ya Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2010. Kisha akaitwa kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini, akaanza mechi ya kwanza dhidi ya Marekani na kutolewa mapumziko kwa maumivu ya nyonga. Mwaka 2012 alistaafu akiwa na miaka 31. Ubora wake haukuwahi kubishaniwa. Kilichotofautisha mafanikio ya klabu na masikitiko ya timu ya taifa ni ratiba, na klabu ya Dar es Salaam inayocheza ligi, kombe la shirikisho na michuano ya Afrika kwa wakati mmoja inapaswa kujua mapema ni ratiba ipi inayomnunulia mchezaji wake.

Kwetu hapa ratiba ina jambo jingine ambalo wataalamu wa Ulaya hawaliandiki, nalo ni barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Bukoba ni mbali zaidi. Klabu yenye uwezo hupanda ndege, lakini klabu ya kawaida husafiri kwa basi, na goti lililofanyiwa upasuaji halipendi kukunjwa kwa saa kumi na mbili. Ongeza kwamba Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana kule Mwanza ni viwanja vya nyasi bandia, ambavyo wachezaji wengi wenye matatizo ya magoti na vifundo huvilalamikia. Kwa hiyo katika misimu ile mitatu, tenganisha mechi za nyumbani na za mikoani. Ukikuta beki ameanza mechi 12 za nyumbani na tano za ugenini, umepata jibu ambalo wakala hatakupa.

Goti, paja na karatasi za hospitali

Omba historia ya majeraha kwa maandishi, na uiombe kwa idhini ya mchezaji mwenyewe, maana taarifa za afya ni zake. Kila jeraha liwe na tarehe, mguu uliohusika, aina ya tiba, na muda uliopita hadi mechi ya kwanza. Tarehe ya mechi ya kwanza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Aliyechanika kano ya mbele ya goti, ile ambayo magazeti yetu huiita ACL, kwa kawaida huhitaji miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi kwenye ushindani, na aliyeharakishwa akarudi baada ya miezi sita alijiweka kwenye hatari kubwa ya kuchanika tena. Ukiona amerudi mapema na bado goti limedumu misimu miwili, hiyo ni habari njema. Ukiona amerudi mapema na mechi yake ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita tu, subiri.

Kuchanika kano hiyo si mwisho wa beki, hata akiwa mtu mzima. Giorgio Chiellini aliumia goti la namna hiyo mwezi Agosti 2019 akiwa amekwisha kutimiza miaka 35, na Julai 2021 alinyanyua kombe la Ulaya akiwa nahodha wa Italia. Virgil van Dijk aliumizwa Oktoba 2020 na baadaye akarudi kuwa nguzo ya Liverpool. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni gegedu, ile tabaka laini inayokaa kati ya mifupa ya goti, kwa sababu ikishalika hairudi kama ilivyokuwa. Mchezaji mwenye gegedu lililolika anaweza kukupa dakika 90 safi siku ya Jumamosi, ukamkuta Jumapili anashuka ngazi kwa kuishika reli.

Hapa ndipo swali letu tulilolisahau linapoingia: goti huvimba? Baada ya saa ngapi, na hupungua baada ya siku ngapi? Muulize mchezaji, kisha muulize mtunza vifaa wa klabu aliyotoka, ambaye ndiye anayejua nani huomba barafu kila baada ya mazoezi. Mtunza vifaa hana sababu ya kumsifu mtu wala kumponda.

Picha ya MRI, ile inayoonyesha ndani ya goti, ipigwe, na Dar es Salaam haina uhaba wa mahali pa kuipigia, lakini isomwe na daktari wa mifupa pamoja na mtu mwenyewe akiwa amesimama mbele yake. Goti la beki wa miaka 33 halitakosa doa kwenye picha. Kamati iliyozoea kusoma ripoti bila kumwona mchezaji hukataa wenye afya na kupokea wagonjwa. Kipimo rahisi kinachosaidia kuliko picha ni kuruka kwa mguu mmoja: mchezaji aruke mbele mara tatu kwa mguu mzima, kisha mara tatu kwa mguu uliowahi kuumia, na urefu upimwe kwa tepu. Wataalamu wengi hutaka mguu uliopona ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Tazama na namna anavyotua, kwa sababu anayetua goti likiingia ndani, au anayeyumba kabla ya kusimama, hajapona hata kama tepu inasema amefika. Kumbuka pia kwamba aliyekaa nje muda mrefu miguu yake yote miwili hudhoofika, hivyo asilimia 90 ya mguu dhaifu si jambo la kujivunia. Linganisha na vipimo vyake vya zamani ikiwa klabu yake ilivihifadhi.

Nenda uwanjani ukamtazame yeye tu

Televisheni hufuata mpira, na kazi ya beki hufanyika mahali ambapo mpira bado haujafika. Kwa hiyo kata tiketi, kaa juu upande wa nusu anayoilinda, na timu zikibadilishana magoli uhame nawe. Beba daftari, usibebe maoni ya kijiweni. Mtazame mechi tatu kwa uchache: moja ya saa 10 jioni juani, moja ya usiku, na moja inayokuja siku tatu au nne baada ya nyingine.

Nikueleze mechi moja niliyoitazama pale Mwenge kwenye uwanja wa KMC, jioni ya Februari ambayo jasho lilikuwa likikutoka ukiwa umekaa. Beki niliyemfuata alikuwa wa kati, upande wa kushoto, aliyewahi kuumia goti la kushoto. Hadi dakika ya 20 nilikuwa nimemwandikia sifa tupu: alikuwa akiongea muda wote, alimsogeza beki wake wa pembeni kwa kidole kama dereva anayepanga gari kwenye maegesho, na mipira yote ya juu ilikuwa yake. Halafu ukapigwa mpira wa nyuma ya bega lake la kushoto. Badala ya kugeukia kushoto, ambako ndiko mpira ulikokwenda, alizunguka kwa njia ndefu akipitia kulia, hatua tatu badala ya moja. Kiungo mkabaji alishuka akaokoa, na uwanja mzima ukampigia makofi kiungo. Niliandika herufi K, ya kushoto. Hadi filimbi ya mwisho nilikuwa na K tano, na goli la pili walilofungwa lilitokana na ya tano, ingawa magazeti ya kesho yake yalimlaumu kipa.

Jambo hilo halikumwondolea beki yule thamani; lilinionyesha thamani yake iko wapi. Alikuwa hawezi kugeuka kushoto kwa kasi, lakini alikuwa anaweza kila kitu kingine, na upande wa kulia wa kati asingehitaji kugeuka hivyo mara nyingi. Skauti anayeandika "hana kasi" amefanya nusu ya kazi. Aandike hana kasi ya kuelekea wapi, kuanzia dakika ya ngapi, na nani anamfunika anapochelewa.

Kasi ndiyo huondoka kwanza, hilo halina ubishi, na huondoka kwenye hatua mbili za mwanzo kabla ya kuondoka kwenye mbio ndefu. Mkongwe anayejua kazi huficha upungufu huo kwa kuanza kukimbia mapema, na anayechuja bila kujitambua huuficha kwa kurudi nyuma. Tofauti ya watu hao wawili huonekana kwenye mstari wa ulinzi. Timu inaposhambulia, pima kwa macho umbali kati ya beki wako na mstari wa kati. Akianza mechi mita 15 kutoka mstari wa kati na kufika dakika ya 70 akiwa mita 30, huku kiungo akimpungia mkono apande naye hapandi, basi anaogopa mipira ya nyuma, na hofu yake imeacha uwazi ambao timu pinzani itautumia kupiga mashuti ya mbali. Kosa hilo haliandikwi kwenye takwimu za mtu yeyote.

Hesabu faulo zake pia, lakini zisome kwa akili. Katika fainali ile ya kombe la Ulaya ya 2021 kule Wembley, dakika za nyongeza za kipindi cha pili, winga wa England Bukayo Saka mwenye umri wa miaka 19 alimzunguka Chiellini aliyekuwa na miaka 36, na Chiellini akamshika ukosi wa jezi akamvuta hadi chini. Alipata kadi ya njano, mechi ikaendelea, Italia ikashinda kwa penalti. Faulo ile ilikuwa ya mtu aliyepiga hesabu: mbali na goli, kadi moja, hatari imekwisha. Faulo za beki anayekwisha hutokea kwingine, ndani ya mita 25 za mwisho, naye ameshachelewa, mguu wake unafika baada ya mpira kuondoka. Ukikuta faulo zake zimehamia karibu na eneo la hatari kuliko misimu miwili nyuma, mwili umeanza kumwangusha.

Mipira ya kichwa usiipe uzito mkubwa. Mabeki wengi hubaki hodari hewani hadi siku ya kustaafu, na kamati nyingi hudanganyika kwa sababu ndiyo kazi inayoonekana vizuri zaidi kutoka jukwaani. Tazama tu anatua kwa mguu gani.

Wala mechi moja mbaya isikutishe. Thiago Silva alikwenda Chelsea mwaka 2020 akiwa na miaka 35, bila ada ya uhamisho, na katika mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya West Bromwich Albion mpira ulimponyoka akiwa mtu wa mwisho, wakafungwa. Wangemhukumu siku ile wangekosa misimu minne ya kazi nzuri na kombe la Ligi ya Mabingwa Ulaya la 2021, ingawa katika fainali hiyo hiyo alitoka kabla ya mapumziko kwa kuumia. Yote mawili ni sehemu ya bei ya mchezaji wa umri huo.

Kazi gani, na nani atakuwa pembeni yake

Mtu mmoja anaweza kuwa na thamani ya milioni nyingi kwa timu moja na akawa hasara kwa jirani yake. Simba na Yanga katika mechi nyingi za ligi hukaa nusu ya mpinzani, mabeki wao wa kati wakiwa karibu na mstari wa kati na uwanja mtupu nyuma yao. Beki aliyepoteza hatua mbili za mwanzo atateseka huko, labda awe na utulivu wa kuuficha mpira na kusoma mchezo kama Pascal Wawa, ambaye alikuwa mmoja wa mabeki wa Simba iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019 na 2021. Timu inayopigania kubaki ligi kuu hukaa chini, hulinda eneo lake na kusubiri krosi. Beki yule yule huko anakuwa kitasa, kwa sababu mpira unamjia usoni na wala haumpiti nyuma.

Kuhamisha nafasi ni njia ya zamani na bado inafanya kazi. Paolo Maldini alitamba akiwa beki wa kushoto, akaishia katikati, na alistaafu mwaka 2009 akiwa na miaka 40. Hapa nyumbani Erasto Nyoni alicheza pembeni, katikati ya ulinzi na kiungo, na uwezo huo ulimweka kikosini muda mrefu kuliko wengi wa rika lake. Lakini usimwamini wakala anayesema mteja wake "anacheza popote". Muombe mechi mbili kamili ambazo amecheza hapo popote. Beki wa pembeni aliyepoteza kasi hageuki kuwa beki wa kati kwa sababu tu amezeeka, hasa akiwa mfupi au asiyependa kusema na wenzake.

Mwenza wake ni nusu ya tathmini. Mkongwe anayesoma mchezo akiwekwa na kijana mwenye mbio, kila mmoja humlipia mwenzake deni. Wakongwe wawili wakiwekwa pamoja, winga mmoja wa miaka 20 hutosha kuwatia aibu wote. Kabla ya kusaini, andika kwenye ripoti jina la kijana atakayesimama naye. Kama hakuna jina la kuandika, usajili huo una pengo ambalo pesa haitaliziba.

Kuna wanaopandisha bei kwa kusema mkongwe atalea vijana. Utu uzima dawa, sikatai, na Machi 24, 2019 Tanzania ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika (Afcon) baada ya miaka 39, goli la tatu lilikuwa la beki Aggrey Morris, mtu mzima kikosini siku ile. Ila yeye alichangia akiwa uwanjani. Ulezi wa mchezaji aliye kliniki wiki nne kati ya sita ni mdogo sana, na ukitaka kujua kama kweli hufundisha, usimuulize kocha wala mwenyekiti. Waulize mabeki wa timu ya vijana ya klabu aliyotoka kama amewahi kuwafundisha kitu, na wakutajie ni kitu gani.

Kuigeuza tathmini kuwa pesa

Tuchukue mfano wa kubuni. Beki anataka ada ya usajili ya shilingi milioni 20 na mshahara wa milioni 4 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja ni milioni 68. Akicheza mechi 24, kila mechi imekugharimu takribani milioni 2.8; akicheza 10, imekugharimu milioni 6.8. Sasa rudi kwenye hesabu yako ya misimu mitatu. Ikiwa aliwahi kuanza mechi 26, kisha 17, kisha 12, usipige wastani ukapata 18, kwa sababu wastani huo unachukulia kwamba msimu wa kwanza unaweza kurudi. Panga bajeti kwa mechi 12, na zikizidi ushukuru. Halafu weka kando ya hesabu hiyo gharama ya beki wa akiba atakayecheza mechi 18 zilizobaki, maana yeye naye ni sehemu ya bei ya mkongwe. Na usihesabu kwamba utamuuza. Pesa utakayotoa kwa mchezaji wa miaka 33 haitarudi kwa njia ya mauzo.

Njia ya kupunguza hatari ni kuugawa mshahara. Katika mfano huo, toa ada ya milioni 10, mshahara wa milioni 2, na nyongeza ya shilingi 800,000 kwa kila mechi. Akicheza 10 utakuwa umetumia milioni 42, akicheza 24 utakuwa umetumia milioni 53.2, naye ukimwonyesha hesabu ataona kwamba afya yake inamlipa. Tatizo liko kwenye maneno "kila mechi". Nyongeza ikitegemea kuanza mechi, mchezaji ataficha maumivu Ijumaa ili alipwe Jumamosi, na wapo viongozi watakaomnong'oneza kocha amweke benchi mwezi wa mwisho ili kuokoa fedha. Nimeyaona yote mawili. Ni salama zaidi nyongeza itegemee kupatikana: daktari wa timu athibitishe kwa maandishi, siku mbili kabla ya mechi, kwamba mchezaji yuko tayari, na hapo alipwe hata kocha asipomtumia. Daktari huyo asiwe mtu anayeweza kufokewa na mwenyekiti.

Muda wa mkataba uwe msimu mmoja, na msimu wa pili uanze wenyewe akifikisha idadi ya mechi mliyokubaliana. Wakala atasema mteja wake ana heshima yake na hawezi kusaini mwaka mmoja. Mpe heshima hiyo kwenye mshahara wa mwaka wa pili, usimpe kwenye uhakika wa mwaka huo. Klabu inayoahidi miaka mitatu kisha ikashindwa kulipa hujikuta FIFA: kanuni zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba baada ya kutoa notisi ya siku 15, na deni lisilolipwa huishia kwa klabu kufungiwa kusajili.

Bado kuna suala la mfuatano wa mambo, na ndiko klabu zetu hujikwaa. Mchezaji ambaye mkataba wake unakwisha ndani ya miezi sita yuko huru kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, kwa hiyo anza kumfuatilia Januari, msimu ukiwa bado unaendelea na ukiweza kumwona akichoka. Usisubiri Julai, atakapokuwa amepumzika wiki sita na kila kiungo chake kinaonekana kipya. Na vipimo vya afya vitangulie sahihi, kwa sababu kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea matokeo ya vipimo. Ukishasaini, goti ni lako. Mpeleke hospitali Jumatatu, msome ripoti na daktari Jumatano, mjadili mshahara Alhamisi, na mpiga picha wa mitandao ya klabu aitwe Ijumaa, jezi ikiwa bado imo kwenye mfuko wake hadi karatasi ya mwisho iwe imesainiwa.